Ng'ombe Aliyetunzwa Mno

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ofisini kwetu shuleni, nimevaa kaunda suti, naongea na kabati.

Kabati lenyewe nalifahamu. Ndani yake kuna vitabu vya Kifaransa vya watoto, picha kubwa maneno machache, tulivyoletewa na wafadhili ili chekechea waanze lugha mapema. Hapa Kigoma Kifaransa kiko ng'ambo ya ziwa tu, kwa hiyo wazazi walipiga makofi. Huu mwaka wa tatu. Tumevitunza vizuri kiasi kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuviona. Wakija wakaguzi tunavipanga mezani, wanasifu, tunavirudisha. Ufunguo ninao mimi, na tangazo la mlangoni niliandika mimi: VITABU HUTAZAMWA KWA MACHO. MIKONO IBAKI NJE.

"Darasa lako limefika," kabati linasema.

Watoto wanaingia kwa mstari. Mikono wameiacha nje, kwenye beseni. Nachungulia: mikono sitini na miwili imekaa kwa adabu, inaoshana. Nafurahi sana. Nidhamu kama hii sijaipata miaka ishirini.

Mwamvua, mtoto wa jirani yangu, ana miaka minne. Ananitazama huku kamasi zinamshuka.

"Mwalimu, nifute."

"Jifute mwenyewe."

"Na nini?"

Swali zuri. Naliahirisha.

Nafungua kitabu cha kwanza, ng'ombe anatoka. Mweupe, mabaka meusi. Miguu ya nyuma haionekani. Imefutika mpaka kwenye kiwele.

"Bonjour," anasema kwa taabu. "Mimi ni... naitwa... Mwalimu, mimi ni mnyama gani?"

Kabla sijajibu, ofisi imeshakuwa wodi. Ng'ombe kalazwa, na nesi ni stepla.

"Ana nini?" nauliza.

"Katunzwa," stepla inasema huku inabana faili. "Tena katunzwa mno. Picha isiyoulizwa jina lake hulisahau, halafu inakuwa karatasi nyeupe. Huyu hafiki kengele ya mapumziko."

"Dawa yake?"

"Kidole cha mtoto juu ya picha, na swali: hii nini? Mara moja inatosha."

Nawageukia watoto. Wako thelathini na mmoja, wote wanataka kuuliza, hakuna mwenye kidole. Ng'ombe kafutika mpaka mbavuni.

"Chukueni changu," nasema.

"Chako kina diploma," stepla inajibu. "Hakiulizi."

Nakimbilia beseni. Mikono inagoma.

"Tumeambiwa tubaki nje," unasema mkono mmoja mnene. "Na mwandiko ni wako."

"Basi nalifuta hilo tangazo!"

"Halifutiki. Linaliwa."

Nalibandua, nalitafuna. Lina ladha ya gundi. Neno MACHO linanikwama kooni. Kabati linanipiga mgongoni huku likinikumbusha kwamba wakaguzi nitawaeleza mimi. Naitikia kwa kichwa, naendelea kutafuna.

Mikono inarudi kwa wenyewe. Mwamvua anaanza na kamasi, na hilo simlaumu. Halafu kidole hicho hicho, na mafuta yake ya samaki wa mgebuka, kinakwenda moja kwa moja kwenye pua ya ng'ombe, maana ndiyo pekee iliyobaki.

Najikuta nataka kupiga kelele, "Usiguse!" Miaka mitatu si mchezo. Bahati nzuri mdomo umejaa.

"Hii nini?" anauliza Mwamvua.

Pua inafikiri. Kengele ya mapumziko inapanda mezani, inavuta pumzi.

"Vache," pua inanong'ona, ng'ombe kwa Kifaransa.

"Vash," anarudia Mwamvua.

Mbavu zikarudi, miguu ikarudi, mkia ukafika mwisho kama kawaida yake. Ng'ombe akalia kwa furaha, na pamoja na Kifaransa chake chote, mlio ulikuwa ule ule wa ng'ombe wa Kasulu.

Nikaamka. Kumekucha, ng'ombe wa mtaani wanapita kwenda malishoni. Nikasikia sauti ya mtoto, nikachungulia dirishani. Mwamvua kakaa mlangoni kwao na kikombe cha chai, kila ng'ombe anayepita anamnyooshea kidole.

"Vash. Vash. Na huyu vash."

"We Mwamvua," mama yake akauliza, "hilo neno kakufundisha nani? Mwalimu?"

"Ng'ombe mwenyewe," akajibu mtoto. "Mwalimu alikuwa bado anatafuna."