Nyumba Iliyoshuka Septemba

Kila mchana Dagny alikuja katika nyumba ya wazee ya Hedelund kumlisha mumewe mkate mweusi na samaki wa siki. Villads alikwisha kusahau hata jina lake mwenyewe, lakini dirisha la chumba chake alilijua. Akiliona shamba la shayiri, alitulia. Wakifunga pazia, alilia kama mtoto.

Kila Septemba, madiwani walipopitisha bajeti, nyumba ilididimia kidogo, unene wa ukucha. Fundi aliranda milango iliyokwama, maisha yakaendelea. Ilikuwa hivyo miaka nenda, miaka rudi.

Kisha Septemba moja nyumba ilishuka ghorofa nzima, wakati wa kahawa. Hakuna kikombe kilichomwagika. Dirisha lilijaa udongo na mizizi, na Villads akaanza kulia. Dagny alimshika mkono. Udongo ulikikwaruza kioo polepole, kama unaotaka kuingia.

"Washeni taa," alisema Inger, mhudumu. Kabla ya kwenda kutafuta ngazi, alivua sweta yake akamfunika Villads magoti.

Jioni Preben alishuka na keki. Alikuwa diwani, na kule nyumbani kwa Dagny alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Jirani, na wewe ulitia sahihi?" Dagny aliuliza.

"Vyama vyote tulitia. Na ukishatia sahihi mapatano, hupingi tena. Ndiyo desturi yetu."

"Basi mmetuzika kwa desturi. Mmemsahau mchungaji tu."

Preben hakucheka. "Pesa zilipungua, Dagny. Kila chama kilikuwa na chake cha kulinda. Hiki barabara, kile bwawa la kuogelea."

"Na wazee?"

"Wazee hawana chama."

Alimkatia Villads kipande laini, akakitoa karanga moja moja, maana aliyakumbuka meno yake. Dagny aliliona hilo, akamshukuru. Hofu haikumtoka.

"Na mwakani tukishuka tena, Preben? Ngazi itafika?"

"Mwakani hatugusi kitu. Nakuahidi."

Alitimiza neno. Septemba iliyofuata bajeti ilipita vilevile kama ya mwaka uliotangulia, bila kura hata moja ya kupinga, na gazeti likausifu utulivu wa halmashauri. Nyumba haikusogea, si chini wala juu. Dagny alishuka ngazi, akaweka kiti chake kati ya Villads na dirisha, akamngoja alie mpaka achoke, ndipo amlishe.