Seli za Kostadin Hazikusimama

Mimi na Kostadin tulifanya kazi maabara moja hapa mjini Plovdiv, tukichunguza jinsi seli zinavyojilinda dhidi ya peroksidi. Seli yenye afya ikimwagiwa sumu hiyo husitisha karibu protini zote inazotengeneza, ikabakiza chache tu za kupambana nayo. Tulihitaji damu ya watu wazima wenye afya ili kulinganisha, kwa hiyo tukatoana damu sisi wenyewe.

Seli zangu zilipunguza kazi kama tulivyotarajia. Za Kostadin ziliendelea kutengeneza protini kana kwamba hazijaguswa, na nyingi zilikuwa zimeshaanza kufa.

"Umechanganya chupa, Svilena," alisema, akimalizia banitsa yake, mkate wa jibini, mlangoni. "Au zimenirithi mimi. Nikianza kazi sisikii la mtu."

"Wewe? Kahawa inakupolea mkononi kwa soga."

Nilimtoa damu tena. Majibu yakawa yale yale. Nikaitafuta protini inayoiamuru seli isimame. Kwangu ilikuwepo. Kwake haikuwepo kabisa.

Nilikuwa nimesoma habari za watu waliozaliwa bila protini hiyo: mishipa midogo ya mapafu yao huziba polepole.

"Kosta, ukipanda ngazi unahema sana."

"Sigara hizo."

"Si uliacha zamani?"

Alijifuta mikono kwenye koti, akaendelea kujifuta ingawa ilikuwa mikavu. "Rada naye alihema hivi hivi," alisema.

Rada alikuwa mdogo wake. Alifariki akiwa chuoni, na madaktari walisema ni pumu.

Hospitali ya jijini Sofia ilithibitisha tulichokiona. Dawa ya kuponya hakuna. Kilichobaki ni kuwekewa mapafu mengine, naye akaingizwa kwenye foleni. Kostadin aliuliza swali moja tu: nani atamwambia mama.

Tulienda pamoja. Mama Tsvetana alitupakulia supu ya maharage, akatusikiliza mpaka mwisho bila kugusa kijiko. Nilidhani atalia kwa ajili ya mwanawe aliyekaa mbele yake.

"Nilimgombeza Rada kila siku," alisema hatimaye. "Nilimwambia haponi kwa sababu hataki kuvuta dawa yake ya pumu."

Kostadin akamshika mkono. Mama akamtazama kwa muda mrefu, kama ndiyo kwanza amesikia tulichomwambia, kisha akamwekea sikio kifuani, akasikiliza anavyohema.