Santuri Iliyofungwa Ndani ya Kanzu

Naandika haya nisije nikasahau jinsi ilivyolia.

Marehemu mume wangu, Haroun, alikuwa mpiga fidla wa taarabu Unguja kabla hatujahamia Birmingham. Hapa Winson Green alifanya kazi ya ghala miaka ishirini na sita, fidla ikabaki mvunguni. Alichosikiliza kila Jumapili ni santuri moja nyeusi, nzito, ya okestra ya tango kutoka Buenos Aires, ya zamani kuliko sisi wote wawili. "Sikia," alikuwa akiniambia, "hawana ngoma hata moja. Fidla ndizo zinazotembea." Na kweli. Zilikwenda kwa hatua fupi fupi, kodiani zikivuta pumzi, kisha zote zikasita pamoja, kama mtu aliyefika mlangoni akaogopa kubisha.

Siku aliyofariki nyumba ilijaa watu wa kusoma Kurani. Niliona haya santuri kuonekana kwenye msiba. Nikaifunga ndani ya kanzu yake ya Idi, nikaitia chini kabisa kabatini.

Baada ya arubaini, wifi yangu Jokha alikusanya nguo za marehemu azitoe sadaka, kama ilivyo ada yetu. Mimi nililala na homa. Msikitini walimwambia nguo zimewajaa hadi darini, basi akazipeleka mtaa wa mbali, Selly Oak, kwenye duka linalouza vitu vya kupewa ili kusaidia wagonjwa. Siku ya pili nikafungua kabati; kanzu ya Idi haikuwemo.

Nilikuwa edani. Sikuweza kutoka ila kwa dharura, na nani atakubali kwamba santuri ni dharura? Nikamtuma binti yangu, Asmahan. Akapanda treni, akanipigia simu kutoka dukani.

"Mama, ipo. Lakini kuna mzee ameshainunua. Anayo mkononi."

"Mwambie ni ya baba yako."

"Nimemwambia. Anasema pole sana. Anasema ameitafuta tangu mkewe yuko hai."

Jokha alikuwa kitako sakafuni, anachambua mchele. "Wifi, sadaka hairudi. Utampunguzia ndugu yangu thawabu kwa ajili ya vinanda?"

"Sadaka yako ilikuwa kanzu, Jokha. Santuri hukuinuia."

"Nitakinuiaje nisichokijua? Na wewe uliificha ya nini? Ungeniambia, ningekucheka siku moja, yakaisha."



Asmahan akarudi simuni. Dada wa dukani, Kulwant, alikuwa na mashine ya santuri, na mzee amekubali ipigwe mara moja, kwa ajili yangu.

Nikabana simu sikioni. Kwanza mkwaruzo, kama mafuta yanayochemka mbali. Kisha fidla. Zilisikika ndogo, kama zimefungiwa ndani ya bati, lakini zilitembea vilevile. Nikajizuia kupumua. Katikati pana mahali sindano huruka. Haroun alikuwa akipajaza kwa sauti yake ya puani, macho kayafumba, na kwa miaka yote ile sikupata kujua okestra yenyewe ilipiga nini pale. Sasa sindano iliruka na pakawa patupu. Mteja mmoja akauliza bei ya viatu. Okestra ikaendelea mbele bila mimi, ikasita, ikaingia, ikamaliza kwa mapigo mawili makavu.

Nilitaka kusema irudiwe. Nilitaka kusema mengi. Jokha alikuwa ameacha mchele, ananitazama.

"Mama," Asmahan akasema, na alikuwa analia, "anaondoka. Anakushukuru. Nimwambie nini?"

Mwambie airudishe. Mwambie mimi sina kitu kingine chenye sauti ya nyumba hii.

"Mwambie asiiweke karibu na hita," nikasema. "Santuri hupinda kwa joto."

Nilimsikia akimwambia kwa Kiingereza, na yule mzee akijibu ndiyo, ndiyo, kwa upole. Kisha mlango wa duka ukafungwa.