Beseni la Jumamosi

Aliyetaka kujua nani kaposwa hapa mtaani Mabawa, nani kaachwa na nani kahamia Usagara usiku usiku, hakuwa na haja ya kuzunguka mtaa. Alikwenda kukaa kwenye benchi la Mama Queen, akanunua vitumbua viwili, akasikiliza. Jina lake la ubatizo ni Leticia, na mbali ya vitumbua alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Walutheri wa mtaa ule, cheo alichokipenda kwa sababu kilimpa ruhusa ya kuingia nyumba yoyote bila kualikwa.

Ndiyo maana Bryson alimkera. Miezi minne mtu yupo mtaani, na benchi zima halina la kusema juu yake ila mazuri.

Alishuka kutoka Lushoto na begi moja, akasema ana undugu wa mbali na Bibi Ruthi. Bibi huyo ni mjane wa mkata mkonge. Kiharusi kilimwacha hana miguu ya kusimamia, na nyumba aliyojengewa na marehemu, enzi hizo pakiwa vichaka vitupu, sasa inatazamana na lami. Kila wiki gari fulani husimama pale, mtu akashusha kioo, akaitazama nyumba weee, kisha akaenda zake.

Kila Jumamosi asubuhi jumuiya ikikutana kwa bibi, Bryson alikunja suruali, akapiga magoti na kumwosha bibi miguu kwenye beseni la bluu, watu wote wakiona. "Bwana wetu naye alijifunga kitambaa akawaosha wenziwe," alisema kwa sauti ya chini, ile ya chini inayofika mpaka uani. Kina mama wakafuta machozi kwa ncha za khanga. Leticia naye alifuta, lakini jicho moja tu. La pili lilikuwa kazini.

Mbona huyu husubiri tujae ndipo achote maji?

Jumatano Bryson alikuja benchini mapema, kabla wateja hawajajaa.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Leo umeamka na njaa au na shida?"

Alicheka, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Leticia akafuta mafuta mikononi, akaisoma. Bibi Ruthi, kwa hiari yake na akili timamu, anamkabidhi nyumba na kiwanja mjukuu wake Bryson, kwa sababu ya utumishi wake wa upendo. Chini palibaki nafasi ya shahidi, mwenyekiti wa jumuiya. Juu ya nafasi hiyo palikuwa na alama ya dole gumba, zambarau, imekolea.

"Dole," alisema Leticia.

"Si unajua tena hawa bibi zetu wa mashamba ya mkonge. Kalamu kwao ni kama jembe kwa mbunge." Akasogea karibu. "Mbele pale zitatoka fremu tatu za maduka. Ya pembeni nimekuwekea wewe. Mtumishi wa Mungu kama wewe kupuliza moto barabarani, hata mimi naona aibu."

Leticia akageuza kitumbua ambacho bado hakijaiva. Miaka thelathini nyuma, kwenye banda la kanisa, mwanamke mmoja mwenye chaki na ukali mwingi alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima jioni. Alimfundisha Leticia kuandika jina lake, akamgonga vidole kwa rula alipoisahau herufi ya tatu. Mwanamke huyo alikuwa Ruthi.

"Niachie niombee," alisema. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kopo la hiliki.

Angeweza kusema neno palepale. Hakusema. Alijiambia kwamba huenda kiharusi kilishika na mkono, ikawa bibi hawezi tena kalamu, na kweli huenda. Lakini siku nzima alijikuta anaipanga fremu ile: jiko la gesi huku, meza mbili pale, kibao chenye jina lake juu. Bila sahihi yake serikali ya mtaa wasingeigusa karatasi ile. Kwa sahihi yake, bibi angekuwa mpangaji wa huruma ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alhamisi mchana akaenda kwa bibi bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Bryson hayupo. Bibi kalala, na kando ya kitanda kachutama Tuhfa, mwanamke wa Kipemba wa nyumba ya pili, anakamua kitambaa. Chumba kinanukia sabuni. Shuka safi, kopo la choo limeshamwagwa.

"Kumbe ni wewe," alisema Leticia. "Tangu lini?"

"Tangu alipoanguka. Ati siku zote sita zilobaki wadhani nani amwosha, malaika?"

"Na wewe watafuta nini kwake?"

Tuhfa akakikung'uta kitambaa. "Mama Queen, ukuta wetu ni mmoja. Akigumia nasikia. Sasa nifanyeje, nipandishe sauti ya redio?"

Leticia hakuliamini jibu hilo. Halikuwa na kona ya kushikia. Akautazama mkono wa bibi juu ya shuka. "Mkono wafanya kazi?"

"Juzi kanishonea kifungo. Huo ndo mkono." Tuhfa akaunyanyua taratibu. "Ila Jumatatu nilimkuta dole hili limejaa wino. Alikuwa na homa, kachomwa sindano, kalala fofofo mchana kutwa. Nikasema labda watu wa kuandikisha wapiga kura wamepita. Nimesugua na ndimu mpaka nikachoka."

Zambarau ilikuwa bado imejificha pembeni mwa ukucha.

Jumamosi watu walijaa mpaka kizingitini, maana Leticia tangu jana alikuwa akimwambia kila mnunuzi kwamba kesho kwa bibi kuna jambo, na alipoulizwa jambo gani akasema yeye si mtu wa maneno. Bryson alikuja na beseni, akapiga magoti, akazamisha miguu ya bibi majini.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema Leticia. "Leo kabla ya Neno, bibi atatusomea kitu."

Bryson akanyanyua kichwa. "Bibi nimsomee mimi, mama. Macho yake."

"Macho yana miwani, na miwani imo kwenye kopo chini ya mto," alisema bibi. "Wewe hujawahi kuuliza. Ulipenda kunisomea, nami nikaona haya kukukatiza."

Tuhfa, aliyekuwa mlangoni na ndoo, akaingia akamvisha. Leticia akampa karatasi. Bibi Ruthi akaisoma kwa sauti ya darasani, akitua penye nukta. Kwa hiari yangu. Akili timamu. Utumishi wake wa upendo. Alipofika chini akalitazama dole la kwenye karatasi, kisha lake.

"Nani kati yenu hapa nilimfundisha kuandika?"

Mikono saba ikanyoshwa. Ya wanawake sita na mzee mmoja wa kanisa.

"Basi nyie semeni kama mimi huweka dole."

Bryson alikuwa bado kashika kisigino cha bibi ndani ya maji, kama mtu aliyesahau mkono wake mahali. "Bibi, nilitaka kukupunguzia usumbufu tu," alisema. "Nimekutumikia."

"Jumamosi," alisema Tuhfa.

Bryson akasimama, suruali imekunjwa mpaka magotini, akapita katikati ya watu akiacha nyayo za maji sakafuni. Mzee wa kanisa akamfuata nje, na yeye hakuwa anamfuata kwa maombi.

Watu wakaanza kunong'ona, na kwa mara ya kwanza Leticia hakuwa na hamu ya kusikia. Miguu ya bibi ilikuwa bado kwenye beseni, umeoshwa mmoja tu. Alingoja mtu apige magoti. Kisha akakumbuka fremu ya pembeni, na siku nzima aliyokaa na ile karatasi kwenye hiliki, akafunga khanga kiunoni na kuchutama. Magoti yalimlia. Tuhfa akaongeza maji ya moto bila kuulizwa.

Leticia akaushika mguu wa pili. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Juu yake, bibi alikuwa akimtazama kupitia miwani, vilevile kama alivyomtazama zamani akiwa ameshika rula.

"Na wewe, Leticia, unataka nini?"

"Sijui bado, mwalimu."

"Sawa," alisema Bibi Ruthi, asiondoe macho. "Sugua na kisigino. Jumatatu, pasipo watu, nitajua."