Saa ya Grisi

Kila Jumatatu saa moja asubuhi Tupokigwe, mpangaji wa kazi, alibandika ratiba ya mitambo ya barabara kwenye mlango wa kontena lililokuwa ofisi ya saiti. Alitumia selotepu, maana pini zilikuwa zinashika kutu kwa mvua za Rungwe. Wiki hiyo ratiba ilikuwa na mistari kumi na mmoja: katapila, kijiko, greda, rola, boza la maji na tipa sita. Kazi ilikuwa kukata kilima kilicho kabla ya kufika Masukulu, mahali ambapo miezi minne nyuma palikuwa na nyumba kumi na mbili, migomba na miparachichi. Katika moja ya nyumba hizo ndimo alimozaliwa yeye.

Hesabu zake zilikuwa safi. Kijiko kilijaza tipa moja kwa dakika tano. Tipa ilikwenda kumwaga udongo kilomita ya kumi na nne, kwenye bonde lililokuwa likijazwa, na kurudi kwa dakika ishirini na tano. Kwa hiyo tipa ya sita ilipoondoka, ya kwanza ilikuwa inaingia, na hakuna aliyemsubiri mwenzake. Injinia Zubery alipenda ratiba za namna hiyo.

Saa nne Simon, dereva wa kijiko, alizima injini anywe chai. Udongo mweusi uliokuwa umefunguliwa ukaanza kuongea. Mwanamke aliuliza bei ya parachichi, na mtu akamjibu kwamba wanunuzi mwaka huu wamechelewa. Simon alimaliza chapati yake, akachukua redio koli.

"Dada Tupo, hiki kilima kinaongea."

"Kimelowa?"

"Hakijalowa."

"Basi endelea."

Kufika jioni jambo lilikuwa limeeleweka. Kila sentimita ishirini za udongo zilikuwa mwaka mmoja, na kijiko kilikuwa kinateremka miaka minne kwa siku. Miaka ilikwenda kinyumenyume: Desemba ilitoka kabla ya Januari, na watu walizikwa kwanza, wakaugua baadaye. Injini ikiwaka hakikusikika kitu. Udongo ukishamwagwa kilomita ya kumi na nne na rola likapita juu yake mara nane, ulinyamaza moja kwa moja. Fundi wa maabara aliupima, akasema ni udongo mzuri.

Jumanne asubuhi ulitoka mwaka wa watu kunawa mikono kwenye ndoo. Jioni, Simon alipozima ili wafunge kazi, walikuwa ndani ya mwaka elfu mbili kumi na saba. Vibarua walikuwa wamesimama wakisubiri gari la kuwarudisha Tukuyu, pamoja na wanakijiji waliokuja kusikiliza. Sauti ya mwanaume ikatoka ukingoni.

"Vigingi hivi vya barabara ving'oeni vyote, mvipandishe huku juu. Chai ya mzee isiguswe."

"Na hizi nyumba, bosi?"

"Hawa watajenga pengine. Kujenga wamezoea."

Ukafuata mlio wa nyundo. Shamba la chai la huyo mzee lilikuwa pale chini, kijani, tambarare, mahali ambapo barabara ingepita bila kukata kilima wala kubomoa nyumba. Watu walilitazama. Injinia Zubery alifungua kitabu cha kumbukumbu za siku, akaandika: Sauti zimesikika. Haziathiri ubora wa udongo. Asubuhi yake mabaki ya mwaka huo yakapakiwa, tipa tatu.

Kuanzia hapo watu walianza kuja kontenani kuomba miaka yao. Ilijulikana kwamba kijiko lazima kizimwe saa moja kila siku kipakwe grisi, na kwamba saa hiyo ipangwe asubuhi au mchana ni uamuzi wa Tupokigwe. Jumatano alimpa saa hiyo Hashimu, fundi cherehani wa Tukuyu mjini, ambaye marehemu baba yake alikuwa akishona nguo kwenye gulio la kilimani. Hashimu alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasikiliza cherehani ya baba yake kwa saa nzima.

"Mkanda umelegea," alisema alipoinuka. "Nilimwambia aubadilishe."

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi zikachukuliwa na wengine. Injinia Zubery alisimama mbele ya ratiba na mikono yake nyuma.

"Mpangaji, grisi yako haikai mahali pamoja."

"Mashine inapakwa, Injinia."

"Mgeni rasmi ana tarehe yake. Saa moja nakuachia. Dakika ya sitini na moja hapana."

Jumatatu ya wiki ya pili Tupokigwe aliiweka saa ya grisi saa nane mchana, na hakuandika ya nani. Mama yake, Agness, alifariki Januari ya tisini na tisa, yeye akiwa na miaka minne. Alikuwa na picha ya mama yake. Sauti yake hakuwa nayo, hata neno moja. Kwa hesabu za kijiko, kufika saa nane udongo utakaokuwa wazi ni wa katikati ya mwaka tisini na nane, mama akiwa mzima. Kufika usiku udongo huo utakuwa umeshafika kilomita ya kumi na nne.

Babu Asajile, baba wa baba yake, alikuja kwa bodaboda kutoka Kisondela, alikohamia kwa mwanawe wa mwisho baada ya nyumba kubomolewa. Alikaa kwenye benchi na mwavuli wake.

Saa sita kijiko kilizimwa kwa chakula, na msiba wa mama ukasikika, vilio pamoja na milio ya sufuria za wapishi. Chakula cha saiti siku hiyo kilikuwa wali na maharage. Tupokigwe alikula, akamaliza, akaosha sahani. Saa saba injini ikawashwa. Saa nane Simon aliizima, akatoa bomba la grisi.

"Tupo! Toka kwenye matope hayo, wewe mtoto. Unataka nikufue wewe au nifue nguo?"

Mtoto alicheka. Kisu kikaendelea kumenya ndizi. Ilikuwa sauti nyembamba ya mwanamke wa miaka ishirini na sita, na Tupokigwe, mwenye thelathini na moja, alisimama pembeni na buti zake akisikia mama yake alivyokuwa mdogo kuliko yeye.

Babu Asajile akakohoa.

Kwa Wanyakyusa waliolelewa zamani, mke hakutani na baba mkwe wake. Mzee akikaribia hukohoa, na mkwe hutoka njiani, akajificha nyuma ya migomba na kunyamaza mpaka apite. Agness aliishika desturi hiyo tangu alipoolewa mpaka alipokufa. Udongo ukawa kimya. Kisu nacho kikanyamaza.

Dakika kumi zikaisha hivyo.

"Babu," alisema Tupokigwe.

"Najua. Si kusudi, ni kifua." Mzee aliinuka kwa shida, akafungua mwavuli. "Hatasema mimi nikiwa hapa. Alikuwa na adabu fijo, adabu mno."

"Panda kwenye tipa, mzee wangu, nikushushe kule kwenye kona chap," alisema Simon.

"Mkwe hapitwi mbio, kijana. Atadhani nimekasirika."

Akaanza kuteremka na fimbo yake kwenye manyunyu, hatua kwa hatua. Injinia Zubery alitoka kontenani, akatazama saa yake. Robo saa nyingine ikapita, kisha udongo ukanong'ona.

"Ameshapita?"

Tupokigwe alitazama barabarani. Mwavuli ulikuwa bado haujafika kwenye kona, na zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano.

"Bado," alisema.

Udongo ukasubiri. Wote wakasubiri, Simon akiwa na grisi mpaka viwikoni. Mwavuli ulifika kwenye kona, ukasimama kidogo, ukapotea.

"Ameshapita?"

"Ameshapita, mama."

"Ee Bwana! Mzee yule na mwendo wake, mpaka ndizi zimeshika chini."

Sufuria ikaipuliwa. Kwa dakika kumi na moja zilizobaki Agness aliongea na mtoto wake, na kuku, na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Alisema ndizi zilizoshika chini ndizo tamu. Alisema mvua ikikatika ataanika godoro. Jirani alimuuliza huyu mtoto atakuwa nani akikua, naye akajibu kwamba kwanza awe msafi.

Simon alifuta mikono.

"Dada Tupo, niwashe?"

Injinia Zubery alikuwa ameinua kidole kimoja juu ya saa yake.

"Washa," alisema Tupokigwe.

Mwaka wa tisini na nane ulikwenda na tipa zake ishirini na nne, na katika taarifa ya siku Tupokigwe aliandika kwamba kijiko kimepakwa grisi vizuri.

Chini ya mita tisa miaka ilikuwa imebanana, mita moja ikabeba miaka arobaini, na ilimbidi apange hesabu upya. Watu wa huko waliongea Kinyakyusa kitupu. Kisha wakapungua, wakaisha, ikabaki mvua peke yake, ikinyesha ndani ya udongo kila injini ilipozimwa, hata jua likiwa linawaka. Vibarua walizoea kula chakula cha mchana wamevaa makoti.

Mgeni rasmi alikuja tarehe yake, akakata utepe. Lami ilipofika pale ilipanda juu na kupinda, kama ramani ilivyosema, na kwenye shamba la chai la yule mzee halikuanguka jani. Watu wa nyumba kumi na mbili walikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, kwa kuwa barabara ilikuwa nzuri kweli.

Jumatatu iliyofuata Injinia Zubery aliweka mezani kwa Tupokigwe ramani ya kilima kingine, cha Lufingo. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Alivifuata kwa kidole, akaona vinavyozunguka msitu wa mikaratusi wa mtu mmoja na kupita katikati ya nyumba. Alizihesabu nyumba, zilikuwa tisa. Akageuza karatasi, akapima umbali wa kwenda kumwaga, na akaona safari hii zitahitajika tipa saba.