Chapati ya Mgombea Urais

Mimi nauza ndoo na mabeseni Kariakoo, kwenye mtaa ambao viongozi huukumbuka mwaka wa uchaguzi tu. Mwaka huu spika zilianza kulia kabla hatujafungua maduka. Mteja ananiuliza bei ya beseni, namjibu kwa vidole, maana juu ya gari la matangazo kuna mtu anapiga kelele kwamba maendeleo yamefika. Yamefika wapi, hasemi.

Kwenye baraza ya duka langu anapika chapati Anifa, mwanamke wa Nachingwea. Zamani alikaa Jangwani, mafuriko yakamtoa, sasa amepanga chumba Buguruni. Si mtu wa kucheka ovyo. Kura hajawahi kuacha kupiga hata mara moja, na ndiyo maana kampeni humuudhi kuliko zinavyoniudhi mimi niliyekata tamaa zamani.

“Mangi,” huniambia, kwa jina wanalotuita sisi Wachaga wenye maduka, “hawa wanatuona watoto wa chekechea. Mtu mzima na kitambi chake anakuja kutukatia mauno, halafu anaomba nchi!”

Karibu na jiko lake kuna chemba ya maji taka. Huziba, ikiziba hufurika, na ikifurika wateja hula wamenyanyua miguu. Tumeripoti mpaka tumechoka. Basi tuliposikia mgombea urais mmoja atapita mtaani kwetu, Anifa alivaa gauni lake la sikukuu, akasema atamwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana.

Siku hiyo walitangulia wafagiaji. Nyuma yao wakaja vijana wa chama, wakaitazama chemba, wakashauriana, wakaifunika kwa zulia. Zulia zuri kabisa, la sebuleni. Machinga wote wakaambiwa wasogeze vitu vyao ili mheshimiwa awaone wananchi vizuri.

Alishuka garini akipunga mikono pande zote, hata upande uliokuwa ukuta mtupu. Wakamleta moja kwa moja kwenye jiko la Anifa, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wameshapangwa hapo.

“Mheshimiwa,” Anifa akamwambia, “hapo uliposimama, chini ya zulia, kuna chemba mbovu. Tunapikia watu juu ya kinyesi.”

“Mama, hilo nimelichukua,” akasema, akatikisa kichwa kwa huzuni kiasi cha picha mbili tatu. Kisha uso ukamchangamka. “Sasa naomba nigeuze chapati! Mimi maisha haya nimekulia humo humo.”

Anifa akampa kijiko cha kugeuzia. Akakikataa. Akasema watu wa kawaida hawana mambo ya vijiko, wao hugeuza kwa mkono. Akaingiza vidole kwenye kikaango, akaungua, akapiga yowe dogo lisilo la kirais, na chapati ikaruka. Ikatua juu ya kofia ya kiongozi mmoja wa chama aliyesimama nyuma yake, ikamfunika mpaka kwenye jicho.

Hapo ndipo Anifa alipocheka. Alicheka kichwa kikiwa nyuma, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Kamera zikamulika. Msafara ulipoondoka, uliondoka na zulia.

Wiki iliyofuata likapandishwa bango kwenye nguzo mbele yetu, refu kuliko mlango wa duka langu. Kulia alikuwepo mgombea, mkono ukiwa mfukoni. Kushoto Anifa anacheka, na chini yake maandishi makubwa: “AMENIRUDISHIA TABASAMU! Mama Anifa, Kariakoo.”

Nilimwona anavyolisoma. Alilisoma mara mbili, midomo inacheza, kisha akakaa kwenye kigoda chake na kuacha chapati iungue.

“Mangi, mimi nilisema hivi?”

“Hukusema.”

“Mimi nilisema nini?”

“Ulisema kuhusu kinyesi.”

Utani ukaanza. Wapita njia wakawa wanamwita Mama Tabasamu. Mpagazi mmoja aliyekuwa akila kwake kila asubuhi akahama, akasema hawezi kula chapati za watu walionunuliwa. Hilo lilimuuma Anifa. Akavua aproni, tukaenda wote ofisi ya kampeni, upande wa Gerezani. Tulipokewa na mratibu aitwaye Zakayo, kijana mwenye kitambulisho kikubwa shingoni na simu mbili mkononi.

“Shikamoo mama! Hongera sana! Sura yako inauza!”

“Marahaba. Mimi siuzi sura, nauza chapati. Nani kawaambia nimesema yale maneno?”

“Ule ni ujumbe tu, mama. Si lazima uwe umeusema.”

“Jina langu limeandikwa pale.”

“Ndiyo, maana wewe ndiye mwananchi wa kawaida.”

“Kwani mwananchi wa kawaida hana mdomo?”

Zakayo akacheka kwa adabu, akafungua kabati, akatoa kofia, fulana na kanga, akavipanga mezani kama anafunga biashara. Bango, akasema, haliwezi kutolewa. Na yeyote atakayeligusa atakuwa amevunja sheria ya uchaguzi. Anifa aliiangalia ile kanga, akamwuliza Zakayo kama mama yake mzazi naye kapewa ya kwake. Tukatoka bila kuchukua kitu.

Kesho yake alihamisha jiko, akaliweka chini ya bango kabisa. Mtu wa kwanza kumwita Mama Tabasamu alijibiwa: “Njoo nikuonyeshe nilichokuwa nacheka.”

Akaigiza mkutano mzima. Akapunga mikono kwa ukuta. Akasema, “Mama, hilo nimelichukua,” kwa sauti ile ile nzito, akainua chapati, akapiga yowe, akaitupa, na fundi cherehani mmoja akaidaka kwa kofia. Watu walicheka mpaka wenye mikokoteni wakasimama. Mchana akarudia, kwa kuwa waliokosa waliomba. Yule mpagazi naye akarudi, akajifanya hajawahi kuhama. Kuna aliyerekodi kwa simu, na kufikia jioni shemeji yangu alinitumia video hiyo kutoka Moshi, akiuliza kama huo si mtaa wetu.

Siku ya tatu Zakayo alikuja na ngazi.

“Mama, umetuangusha,” akasema, jasho linamtoka huku anafungua kamba.

“Bango lenu, picha yenu, mgombea wenu,” Anifa akamjibu. “Mimi nimeongeza sauti tu.”

Nilidhani yameisha. Kumbe upande wa pili nao walikuwa na simu. Bango lilipoondoka tu, akatokea dada mmoja, Stella, amevaa rangi za chama kingine, ameongozana na mpiga picha.

“Mama Anifa, tumekuja kukupa pole. Wale wamekudhalilisha sana. Mgombea wetu anapita hapa kesho, tunaomba usimame naye, useme mwenyewe kwa kinywa chako.”

“Niseme na habari ya chemba?”

Stella akaangalia chini, akagundua anachokikanyaga, akasogea. “Chemba ni mambo ya mtaa, mama. Mgombea wetu anazungumzia masuala ya kitaifa.”

“Kinyesi cha kitaifa kinakuwaje? Nielekeze, nisije nikakichanganya na hiki.”

Mpiga picha aliangua kicheko, Stella akamkata jicho. Waliondoka bila kuaga, na kesho yake mgombea wao akapita bila kusimama. Jumapili iliyofuata wenye maduka tulichanga tukamleta mzibuaji, na Anifa akamsimamia mpaka maji yakapita.

Siku ya kura alifika kituoni miongoni mwa wa kwanza. Alirudi na wino kidoleni, akajifunga aproni. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza amempa nani.

“Kuna mgombea mmoja sijawahi hata kumwona,” akasema huku anachota unga. “Hakuja hapa, hakunipigia muziki, hakunishika mkono. Nimempa huyo. Nijuavyo mimi, mpaka leo ndiye pekee ambaye hajanidanganya.”

“Na akishindwa?”

“Atashindwa, Mangi. Unadhani sijui? Niletee maji.”