Kabati la Ukaguzi la Redio ya Harlow

Karatasi ya mia mbili na kumi na moja ilikwama kwenye skana, na Verna Tillotson akaichomoa kwa kucha. Ilikuwa saa tatu asubuhi tu, na tovuti ya serikali ilikuwa imeshamtoa nje mara nne. Kila mara ujumbe ni ule ule: muda wako umekwisha, ingia upya. Laiti angalau pangekuwa na mtu wa kumtukana.

Kwa miaka kumi na tisa Verna alikuwa amekaa mapokezi kwenye redio ya Harlow, mji wa Kansas wenye maghala mawili ya ngano na taa moja ya barabarani. Redio ilisoma bei za ng'ombe, matangazo ya vifo na matokeo ya mpira wa kikapu. Nyuma ya kiti chake lilisimama kabati la chuma lenye mafaili ya ukaguzi wa umma. Sheria ilitaka mtu yeyote aweze kuingia saa za kazi na kuyasoma. Sasa ilitaka yote yawekwe mtandaoni, na leo, mwisho wa Februari, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Wakichelewa, leseni ya kituo ingekuwa mashakani.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Orville Stucky, mkulima, alikung'uta theluji kwenye buti zake. Kwa miaka yote hiyo ndiye mwananchi pekee aliyewahi kuja kukagua. Alikuja kila Alhamisi kuhakikisha barua zake za malalamiko hazijatupwa.

"Barua zangu umeshazipandisha?"

"Barua haziendi, mzee. Tume ya mawasiliano haizitaki tena."

"Zote arobaini? Hata ile ya mtangazaji anayetafuna huku anasoma bei za nguruwe?"

"Ile nzuri, niliisoma mara mbili. Zichukue tu uende nazo nyumbani."

"Na haya mengine nitayasomea wapi?"

"Mtandaoni."

"Verna, mimi kule kwangu nikitaka kupiga simu napanda juu ya trekta."

Verna alicheka, kisha akakasirika, kwa sababu mzee hakuwa anatania. Akammiminia kahawa, akarudi kwenye skana.

Saa nane mchana akapiga simu bosi, Randall Kessinger, mwenye vituo sita, akiwa Wichita.

"Umefika wapi?"

"Imebaki orodha ya Oktoba mpaka Desemba. Haipo." Kila miezi mitatu kituo kilitakiwa kuorodhesha matatizo ya jamii na vipindi vilivyoyazungumzia. "Mtu wa habari ulimwachisha kazi Septemba. Hatukurusha kitu."

"Jaza chochote. Barabara, shule, dawa za kulevya. Nani atasoma?" Akakohoa. "Halafu, Verna, mafaili yakishakuwa mtandaoni hakuna haja ya mtu kukaa hapo. Hata ofisi ya hapo mjini, sheria haitulazimishi tena kuwa nayo. Matangazo yatatoka huku. Nimeona habari hii uisikie kutoka kwangu."

"Umengoja nimalize kuskani kwanza."

"Usilichukulie hivyo, dada."

"Nalichukulia lilivyo." Akakata simu.

Kwa wiki tatu alikuwa amekaa hapa akijifukuza kazi ukurasa mmoja mmoja, na hakuna aliyemwambia. Ana miaka hamsini na minane, katika mji ambao hata duka la vyakula limefungwa. Nani atamwajiri?

"Wamekutoa?" aliuliza mzee Stucky, ambaye bado alikuwa amekaa kando ya kabati na barua zake.

"Wamenitoa, na kazi nimewafanyia mimi mwenyewe."

"Waandikie barua."

"Ataipokea nani? Mpokeaji si nilikuwa mimi?"

Akafungua fomu ya orodha, akaandika taratibu, bila kufuta hata neno.

Tatizo la jamii: tangu Septemba, redio pekee ya wilaya haina mtu wa habari. Kipindi kilichorushwa: hakuna. Tatizo la jamii: ofisi ya Harlow inafungwa na wananchi hawajaambiwa. Kipindi kilichorushwa: hakuna.

Palipotakiwa jina la aliyeandaa, akaandika lake lote, Verna Louise Tillotson, akabonyeza kitufe cha kutuma.